Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

Kwa miaka mitatu mfululizo, kila Januari joto la Kisumu lilipoanza kukaza, nilikuwa nikiipeleka pikapu yangu gereji ili "iongezwe gesi". Nililipa shilingi elfu tatu na ushei, nikapewa baridi, nikarudi nyumbani nimeridhika. Na kabla mvua za masika hazijatulia, matundu ya dashibodi yalikuwa yakinipulizia tena upepo wa uvuguvugu. Najua kwamba wenye pikapu kuukuu wengi huku Magharibi wanaishi hivyo hivyo, wakiamini kwamba gesi ya kiyoyozi hutumika ikaisha kama dizeli. Niliamini hivyo hata mimi, hadi mwaka jana nilipompata fundi aliyekataa kuniuzia gesi.

Pikapu yenyewe ni ya mwaka 1991, ya kabini moja na injini ya dizeli, na niliirithi kwa baba. Mimi hufundisha mjini Kisumu, lakini shamba letu la mpunga liko Ahero, kwa hiyo kila Jumamosi huwa niko kwenye uwanda wa Kano, na mara moja kwa mwezi humchukua Mama na kumleta kliniki mjini kwa ajili ya shinikizo lake la damu. Anayeijua njia hiyo mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa mengi: ukifungua madirisha unapokea vumbi, makapi ya mpunga na masizi ya miwa inayochomwa mashambani, ukiyafunga, kabini inakuwa tanuri, na mtu wa umri wa Mama hufika kliniki akiwa hoi hata kabla ya kupimwa. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba kiyoyozi katika gari la kazi ni anasa.

Fundi niliyemwendea ana kibanda karibu na soko la Kibuye. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitengeneza majokofu ya kuhifadhia samaki kabla ya kuingilia magari, na nadhani huko ndiko alikopata subira ambayo sikuwa nimeiona kwa mafundi wengine. Hakuwasha injini. Alifungua boneti, akaunganisha geji zake mbili, ya buluu upande wa shinikizo dogo na nyekundu upande wa shinikizo kubwa, akazitazama kwa muda, kisha akaniita nisogee.

"Mwalimu, gesi si dizeli," aliniambia. "Dizeli inachomwa, hii inazunguka tu humu ndani ya mabomba. Ikipungua, ujue kuna mahali imetokea."

Nilimjibu, "Lakini Mzee, mbona huwa naongeza kila mwaka?"

"Basi kila mwaka umekuwa ukivuja."

Maelezo aliyonipa siku hiyo nilikuja kuyasoma zaidi baadaye, na yote yalikuwa sahihi. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi hadi inapanda joto na shinikizo; gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ile radieta nyembamba iliyo mbele ya radieta ya maji, ikatoa joto lake nje na kugeuka kiowevu; kiowevu hupita kwenye draya inayonyonya unyevu, kisha hulazimishwa kupenya kwenye tundu dogo la vali ya kupanulia. Baada ya tundu hilo shinikizo hushuka ghafla na kiowevu huanza kuchemka ndani ya evapareta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na katika kuchemka huko hunyonya joto la hewa ya kabini. Gesi aina ya R-134a, ambayo ndiyo inayotumika katika magari mengi ya miaka ya tisini na kuendelea, huchemka kwenye takriban nyuzi 26 chini ya sifuri katika shinikizo la usawa wa bahari. Baada ya hapo hurudi kwenye kompresa na safari huanza upya. Hakuna mahali popote katika mzunguko huo ambapo gesi huchomwa au huliwa.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa usomaji wa geji injini ikiwa imezimwa. Asubuhi hiyo joto la kivulini lilikuwa nyuzi 29, na kwa joto hilo mfumo wenye R-134a unapaswa kuonyesha karibu pauni 95 kwa inchi ya mraba, kwa sharti kwamba ndani yake mna kiowevu, hata kama ni kidogo. Geji zangu zote mbili zilisimama kwenye pauni 40. Maana yake ni kwamba kiowevu kilikuwa kimekwisha na kilichobaki ni mvuke mtupu. Lakini fundi alinionya nisije nikaligeuza jambo hili: kama geji ingeonyesha pauni 95, isingemaanisha kwamba gesi ni ya kutosha, kwa kuwa maadamu kiowevu kipo, hata vijiko vichache, shinikizo hufuata joto la siku wala halifuati kiasi cha gesi. Nilikumbuka gereji niliyokuwa nikienda zamani, ambako kijana aliangalia geji kwa nukta mbili, akasema "imejaa", akapokea pesa.

Kutafuta uvujaji kulichukua nusu siku. Alianza kwa macho, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na penye kuvuja gesi hutoka na mafuta, na penye mafuta vumbi la Kano hushika. Kwa tochi alinionyesha doa jeusi lenye utando, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, mahali ambapo paipu ya mpira imebanwa kwa chuma karibu na kompresa. Nilikuwa nimeliona doa hilo mara nyingi wakati wa kupima mafuta ya injini na kudhani ni uchafu wa kawaida. Kisha alijaza mfumo nitrojeni hadi pauni 150 na kupaka povu la sabuni kila kiungo. Alisisitiza kwamba oksijeni ya kuchomelea haijazwi kamwe kwenye kiyoyozi, kwa kuwa ikikutana na mafuta chini ya shinikizo inaweza kulipuka. Kwenye lile doa povu lilitoa vipovu vidogo sana, vilivyopangana kama mayai ya samaki, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Kwenye mdomo wa kujazia gesi upande wa shinikizo dogo palikuwa na vipovu vingine. Mbele ya kompresa, kwenye sili ya shafti, yaani kizibo kinachozuia gesi na mafuta kutoka pale mhimili wa kompresa unapotokeza, hapakuwa na povu ila palikuwa na unyevunyevu wa mafuta.

Ule mdomo wa kujazia ndio uliotufungulia historia ya gari. Mwaka 1991 pikapu kama yangu zilitoka na gesi ya R-12, ambayo ni miongoni mwa zile zinazoharibu tabaka la ozoni na ambazo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulilenga kuziondoa. Midomo ya R-12 ni ya kufungwa kwa nyuzi za skrubu, ilhali ya R-134a ni ya kubofya, na ya pande mbili hizo hutofautiana ukubwa ili mtu asikosee. Yangu ilikuwa ya zamani, na juu yake mtu alikuwa ameskurubu kiunganishi cha kuigeuza iwe ya R-134a. Kwa hiyo wakati fulani, pengine kabla baba hajainunua, gari lilibadilishiwa gesi, na fundi wangu alitaka kujua kama lilibadilishiwa na mafuta.

Halikubadilishiwa. Alipoitoa kompresa na kuiinamisha juu ya kopo, yalitoka mafuta mazito ya rangi ya chai ya rangi, yenye harufu ya kuungua. Mafuta ya asili ya R-12 ni ya madini na hayachanganyiki na R-134a. Hukaa chini ya evapareta na kwenye kona za mabomba, na kompresa, ambayo hutegemea mafuta yarudi pamoja na gesi, hubaki ikisagana kavu. Aliusafisha mfumo wote, akaweka mafuta ya esta, ambayo huchanganyika na R-134a. Ya PAG, aina nyingine ya mafuta ya gesi hiyo, ndiyo yanayowekwa na viwanda vingi, lakini aliyakwepa kwa sababu esta huvumilia zaidi mabaki ya mafuta ya zamani, na PAG hunyonya unyevu wa hewa haraka mno. Hata hayo ya esta aliyapima mililita 130 na kulifunga kopo papo hapo, akisema kwamba hewa ya mji ulio kando ya ziwa ina maji ya kutosha kuharibu kopo lililoachwa wazi hadi chakula cha mchana. Alibadilisha oringi zote, pete ndogo za mpira za kwenye viungo, akaweka zile za kijani zinazovumilia gesi mpya. Akaweka draya mpya, kwa kuwa draya ikishafunguliwa kwenye hewa huwa imeshakunywa maji. Na paipu iliyovuja akaipeleka kwa jirani yake anayebana paipu za haidroliki, ikawekwa mpira wa aina isiyopenyeza gesi na kubanwa upya.

Katika siku hiyo hiyo tulitoa kisanduku cha dashibodi ili tuione evapareta. Sitaisahau. Uso wake ulikuwa umevaa blanketi la makapi ya mpunga, nywele na vumbi lililoshikana kwa maji, na paipu nyembamba ya kutolea maji chini yake ilikuwa imezibwa na nyigu waliojenga nyumba ya udongo ndani yake. Ndiyo sababu mkeka wa upande wa abiria ulikuwa haukauki, na ndiyo sababu Mama alikuwa akilalamika kwamba viatu vyake vinanuka. Nilikuwa nimemwambia ni maji ya mvua yanayoingia mlangoni. Tuliiosha kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, fundi akachokoa paipu kwa waya, donge la udongo likaanguka sakafuni na maji ya kahawia yakafuata.

Sasa nifike kwenye hatua ambayo naiona kuwa moyo wa kazi nzima, na ambayo wengi huiruka kwa sababu haionekani na mteja: kuvuta hewa. Mfumo ukishafunguliwa huingia hewa na unyevu. Unyevu huo, ukikutana na gesi na mafuta, hutengeneza asidi inayokula chuma kutoka ndani. Na maji yakifika kwenye tundu la vali ya kupanulia huganda barafu na kulifunga. Hapo nilielewa tabia moja ya gari langu iliyonisumbua kwa miaka: baridi nzuri kutoka Kisumu hadi karibu na Nyamasaria, kisha joto, kisha baridi tena baada ya kuzima kiyoyozi kwa dakika kumi. Barafu ilikuwa ikiganda na kuyeyuka ndani ya tundu lisilozidi unene wa sindano.

Dawa yake ni kuunganisha pampu na kuvuta hewa yote hadi maji yaliyomo yachemke kwa joto la kawaida na kutoka yakiwa mvuke. Pampu iliponguruma, kijana anayejifunza kazi kwa mzee aliniambia kwa masikitiko kwamba pampu yao imechoka, kwa kuwa mshale wa geji ulikuwa umefika inchi 26 za zebaki na kugoma, ilhali kitabu kinasema lazima ufike karibu 30. Mzee alimsikia. Alimwita akamweleza, na mimi nikasikiliza: zile inchi 30 ni za pwani. Geji hupima tofauti kati ya ndani ya mabomba na hewa inayotuzunguka, na hewa ya Kisumu, mji ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Uzito wake wote hapa hauzidi sana inchi 26. Ukienda Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, pampu hiyo hiyo nzima itasimama karibu na inchi 24, na fundi asiyejua ataitupa. Mimi hufundisha fizikia, nimechora kipimahewa cha zebaki ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwahi kukiona kikifanya kazi chini ya boneti ya gari langu.

Kuna ugumu unaofuata jambo hilo. Ili maji yachemke kwenye nyuzi 25, shinikizo lililobaki ndani lazima lishuke chini ya takriban inchi moja ya zebaki. Kwa hiyo hapa Kisumu tofauti kati ya mfumo uliokauka na mfumo wenye maji ni upana wa alama moja tu kati ya 25 na 26, na geji ya bei nafuu haiwezi kuaminiwa kwa alama moja. Mzee huziba pengo hilo kwa muda. Aliiacha pampu ikivuta kwa saa moja na nusu, gari likiwa juani ili mabomba yapate joto, kisha akafunga vali, akazima pampu, akaweka alama ya kalamu kwenye kioo cha geji na kutuacha tukanywe chai. Tuliporudi baada ya dakika arobaini mshale ulikuwa pale pale kwenye alama. Kama ungerudi kuelekea sifuri, ingekuwa ama maji bado yanachemka ndani, ama kuna uvujaji mwingine, na tungeanza upya.

Gesi aliijaza kwa mizani. Kibandiko chini ya boneti kilitaja gramu 750 za R-12, na kwa R-134a alihesabu asilimia 85 hivi, akaweka gramu 640, chupa ikiwa imesimama wima ili iingie ikiwa mvuke kwa upande wa shinikizo dogo, kwa sababu kiowevu hakibaniki na kompresa ikikimeza huvunjika. Wapo wanaojaza hadi bomba liwe baridi mkononi. Nilishuhudia pia mtu mmoja akimshauri jirani yangu ajaze gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi, na ni kweli itampa baridi. Lakini evapareta iko sentimita chache kutoka kwenye magoti ya abiria, nyuma ya dashibodi yenye nyaya za umri wa miaka thelathini, na ninaomba kila anayesoma hapa akatae.

Tulipowasha, shinikizo la upande mkubwa lilipanda hadi pauni 290, jambo ambalo halikumfurahisha. R-134a huhitaji kondensa nzuri zaidi kuliko R-12, na yangu ni ya muundo wa zamani, tena mapezi yake yalikuwa yameziba kwa wadudu wa ziwani na masizi. Aliiosha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuja mbele, akaongeza feni ya stima iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, ikifungwa ili iwake klachi ya kompresa inaposhika. Pauni zikashuka hadi 215, upande mdogo ukakaa kwenye 33, na kipimajoto kilichochomekwa kwenye tundu la katikati la dashibodi kikaonyesha nyuzi 9, nje kukiwa na nyuzi 31.

Kazi yote, pamoja na vipuri, ilinigharimu shilingi 21,500. Ni pesa nyingi kwa mwalimu, na nilizilipa kwa awamu mbili. Hata hivyo, gesi niliyokuwa nikiongeza kila mwaka haikupotea bure tu kwa mfuko wangu: kilo moja ya R-134a ikiachwa hewani hukamata joto la dunia zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100, na ni moja ya gesi ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza katika kikao cha Kigali, Rwanda, mwaka 2016. Mimi nilikuwa nimeimwaga angani mara tatu nikiamini kwamba natengeneza gari.

Sasa ni miezi kumi na minne. Katika daftari linalokaa kwenye mlango wa dereva huwa naandika joto la kivulini, pauni za pande zote mbili, na nyuzi za kwenye tundu la dashibodi, kila baada ya miezi mitatu, kwa geji za kuazima kwa mzee. Namba hazijasogea kwa kiasi cha kutia shaka. Kila wiki, hata Julai kukiwa na mvua na ubaridi, nawasha kiyoyozi kwa dakika kumi ili mafuta yafike kwenye sili ya shafti, kwa kuwa sili ikikauka hupasuka. Sili hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi: ule unyevunyevu wa mafuta mbele ya kompresa umerudi, mwembamba, wa upana wa ukucha. Mzee ameiagiza kutoka Nairobi. Itakapofika tutaitoa gesi na kuihifadhi kwenye chupa, tufungue, tubadilishe, halafu pampu ivute tena kwa saa moja na nusu.